Zimwi la Ukungu na Sheria Zake: Hotuba kwa Watunzi wa Kadi, Mbeya

Wazee wetu mliowasindikiza vijana, shikamooni. Walimu, hamjambo. Na nyinyi wadogo zangu mliotoka Tukuyu, Kyela na Vwawa, pamoja na wale wa Makambako mliolala hapa mjini tangu jana, ndaga fijo kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kutunga sheria za aina mpya ya zimwi katika mchezo wa kadi. Uchoraji sitaugusa. Nimepita kwenye meza zenu kabla hatujaanza, nimeona kadi za manila zilizokatwa kwa mkasi, nimeona joka lenye magamba ya rangi ya udongo na lile zimwi lenye pembe za ng'ombe, na hapo sina la kuwafundisha. Mnachora vizuri sana. Kilichonileta mbele yenu ni yale maandishi madogo yanayokaa chini ya mchoro. Hapo ndipo michezo mingi inayotungwa nyumbani inapofia, na inaniuma, maana michoro inabaki kuwa mizuri huku hakuna anayeicheza.

Wazo langu ni moja, na yote nitakayosema yanatoka humo: sheria ya kadi huandikwa kwa ajili ya meza ambayo mtunzi hayupo. Ukiwepo wewe, kila swali lina jibu. Mtu anauliza, "Hili likifa linarudi?" Unajibu, mchezo unaendelea. Lakini kadi hizo zikifika Mafinga kwa binamu yako, akazicheza na rafiki zake usiku, wewe umelala Mbeya, nani atajibu? Watabaki na sentensi uliyoiandika. Kama sentensi hiyo ina maana mbili, watagombana, na aghalabu atakayeshinda ni mwenye sauti kubwa.

Lasti kadi mnaijua. Ukipigwa mbili, unaokota mbili. Sasa, kama nawe una mbili mkononi, unaruhusiwa kuipiga juu yake ili mzigo umwangukie anayefuata? Kuna vijiwe watakwambia ndiyo, na anayefuata ataokota nne. Kuna vijiwe watakwambia hapana, okota utulie. Mtu wa Mwanjelwa na mtu wa Soweto, mji huu huu mmoja, wanaweza kukaa meza moja wakabishana nusu saa, na kila mmoja anasema kweli kwa jinsi alivyofundishwa. Lasti kadi inavumilia mabishano hayo kwa sababu imekwisha kuwa mali ya wote, na kila kijiwe kina mkubwa wake wa kuamua. Mchezo mpya hauna mkubwa. Una karatasi tu.

Wazee wacheza karata wataniunga mkono nikisema kwamba kadi ya aina maalumu haikuanzia ng'ambo. Turufu ni aina maalumu. Kopa ikiwa turufu, kopa ndogo kabisa inakula ree ya shupaza. Na tazameni sheria yake ilivyo fupi: turufu inakula kila rangi isiyo turufu, na turufu kwa turufu, kubwa inakula ndogo. Basi. Mtu akishaisikia mara moja haulizi tena. Nawaomba mkiandika sheria za mazimwi yenu mjipime kwa hiyo.

Michezo ya mazimwi tunayoiiga ni ya juzi tu. Magic: The Gathering, kazi ya mwanahisabati Richard Garfield, ilitoka Marekani mwaka 1993. Kadi za Yu-Gi-Oh! za kampuni ya Konami zilianza Japani mwaka 1999. Nitaitaja yote miwili leo kwa sababu imeshacheza mamilioni ya michezo kwa niaba yetu, na pale ilipolazimika kubadilisha sheria ndipo penye mafunzo mazuri kuliko pale ilipofaulu.

Chukueni kisa cha Ukuta. Katika Magic kuna viumbe ambavyo aina yake ni Ukuta. Tangu mwanzo ilijulikana kwamba Ukuta haushambulii, unazuia tu. Kadi za mwanzo zenyewe hazikusema hivyo. Ulipaswa kujua kwamba neno "Ukuta", likisomwa kwenye mstari wa aina, linabeba katazo hilo. Mchezaji mgeni hakuwa na njia ya kulijua kwa kuzitazama kadi hizo. Ilipofika mwaka 2004, kwenye seti ya Champions of Kamigawa, waliachana na utaratibu huo. Katazo likatolewa kwenye aina, likawa uwezo unaoandikwa kwenye kadi yenyewe, na tangu hapo neno Ukuta likabaki jina la aina tu. Miaka kumi na moja ilipita kabla ya kulirekebisha, na wale ni watu wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo kabla hujatunga lolote, amua: aina yako ni jina tu, ambalo kadi nyingine zitaliita ("mazimwi yako yote ya Ziwa yanaongezewa 1"), au ni utaratibu, yaani namna tofauti ya kuingia mezani, kukaa na kutoka? Yote mawili yanafaa. Ila likiwa utaratibu, utaratibu huo lazima uonekane kwenye kadi. Usimwachie mtu akumbuke.

Sasa tutunge pamoja. Wengi humu mnaucheza ule mchezo wetu wa fungu la kadi 40, uhai 20, na mkono wa kuanzia kadi 5. Nguvu inaongezeka moja kila zamu: zamu ya kwanza una 1, ya pili 2, na kuendelea. Nguvu usiyoitumia inabaki mpaka zamu yako nyingine ianze, halafu inapotea na unajaziwa upya. Zimwi la kawaida la gharama 2 lina shambulio 2 na kinga 2. La gharama 3 lina 3 na 3. Hivyo hivyo kwenda juu. Mnaukubali msingi huo? Haya.

Aina tutakayoitunga ni Ukungu. Nimeichagua kwa sababu ni yetu. Aliyepita Isyonje asubuhi ya Juni anajua dereva anavyowasha taa na kutambaa, magunia ya viazi pembeni huyaoni mpaka yakukute. Hewa yenye unyevu inapanda kutoka Ziwa Nyasa, inakutana na milima ya Uporoto na Livingstone, inapoa, inageuka wingu lililokaa chini. Mlima Rungwe, wenye mita 2,960, unapata mvua inayofikia takriban milimita 3,000 kwa mwaka. Nchi ya namna hiyo inaficha vitu. Mwaka 2003 watafiti walimwona kwenye misitu ya Rungwe na Livingstone nyani wa manyoya marefu ambaye sayansi haikuwa na jina lake, ingawa wawindaji wa huko walikuwa nalo: kipunji. Alitangazwa rasmi mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Mnyama mkubwa kiasi hicho, miti ile ile tunayoiona kutoka barabarani.

Basi zimwi la Ukungu litaingia mezani likiwa limefunikwa, uso chini. Mwenzako anaona kuna kitu, hajui ni nini. Kijana mmoja hapa ameandika chini ya kadi yake "Kimya kingi kina mshindo mkuu", na mimi naona maneno hayo yamebeba roho ya aina nzima kuliko aya yoyote ninayoweza kuandika.

Kufunika si jambo geni. Yu-Gi-Oh! ilikuwa nalo tangu mwanzo: zimwi linawekwa limefunikwa na kulazwa kwa upana, na adui akilishambulia linafunuka. Baadhi yana madhara yanayofyatuka papo hapo. Man-Eater Bug likifunuliwa linaangamiza zimwi lolote moja mezani. Magic ilileta yake mwaka 2002 kwenye seti ya Onslaught, ikaiita morph: unalipa 3, kadi inaingia uso chini ikiwa kiumbe cha 2 kwa 2 kisicho na jina, rangi wala aina, na baadaye unalipa gharama nyingine kukifunua. Sisi tutachukua kitu kutoka kote kuwili, halafu tuweke chetu.

Tuanze na udanganyifu, kwa sababu ndio unaoua mchezo wa kufunika haraka zaidi. Nikiweka kadi uso chini na kusema "Ukungu huu", utajuaje kwamba sijaweka kadi yoyote iliyokuwa inanikwama mkononi? Ukiwepo mtunzi, watu wanaona haya. Usipokuwepo, hawaoni. Magic imelitatua kwa sheria ninayoipenda sana: kadi iliyofunikwa ikitoka mezani, kwa kufa au kwa njia yoyote, inaonyeshwa kwa wachezaji wote, na mchezo ukiisha, zote zilizobaki zimefunikwa zinaonyeshwa pia. Huhitaji mwamuzi wala kumwamini mtu. Sisi tunaichukua kama ilivyo na kuongeza: aliyefunika kadi isiyo ya Ukungu ameshindwa mchezo huo. Hapo naomba msiwe na huruma. Adhabu ndogo ingefanya uongo uwe na faida kwenye mchezo wa kuwania nafasi.

Kuna jambo jingine ambalo wenye viwanda hawalifikirii na sisi lazima tulifikirie. Kadi zetu zinatengenezwa kwa mkono. Manila moja imepauka kwa jua, nyingine ina doa la chai, nyingine imekunjwa pembe. Mgongo wa kadi ukitambulika, Ukungu hauna maana, mwenzako atausoma kwa nyuma. Basi kila kadi ya fungu, si za Ukungu peke yake, ivae mfuko usiopenyeza mwanga kwa nyuma, au ibandikwe karatasi ya rangi moja kwenye mgongo kabla ya kupelekwa steshenari kupigwa lamineshoni, na zote zipigwe siku moja kwenye mashine moja. Joto la mashine likitofautiana, kadi inajikunja tofauti, na mwenye jicho ataiona. Andikeni hilo ndani ya sheria zenu.

Na ukiwa na mazimwi mawili yaliyofunikwa, usiyachanganye mezani ili kumpoteza mwenzako. Wapo wanaopenda mtindo huo wa kuzungusha kadi kwa vidole. Mimi naukataa kabisa. Mwenzako ana haki ya kukumbuka kwamba la kushoto liliingia zamu ya pili na la kulia zamu ya nne, kwa sababu kumbukumbu hiyo ndiyo silaha pekee aliyoachiwa. Magic nayo inadai vilivyofunikwa vitofautishike.

Sasa bei. Hapa nitakaa kidogo, wenye haraka mnivumilie.

Zimwi lililofunikwa liwe na nini? Tuseme gharama ya kulifunika ni 2, na likiwa limefunikwa lina shambulio 1 na kinga 2. Ni dhaifu kuliko zimwi la kawaida la gharama 2, na ndivyo linavyopaswa kuwa, maana siri yenyewe ni mali na mali hulipiwa. Kisha unalipa gharama ya kulifunua, nalo linakuwa zimwi lake halisi, tuseme 4 kwa 4. Gharama ya kufunua iwe ngapi?

Nimeona kwenye karatasi zenu mbili tofauti hesabu ifuatayo: kufunika 2, kufunua 3, jumla 5, na zimwi la 4 kwa 4 kwa kawaida ni gharama 4, kwa hiyo mchezaji amelipa zaidi kwa moja, haki imetendeka. Kwenye karatasi inapendeza. Mezani haifanyi kazi, na sababu yake ni kwamba nguvu ya zamu moja haiwekwi akiba kwenda zamu nyingine. Zile 2 za zamu ya pili usingezitumia, zingepotea tu. Fuateni zamu kwa zamu. Zamu ya pili: ninafunika, nguvu 2 zimekwisha. Zamu ya tatu: nina 3, ninafunua, nina 4 kwa 4 linaloshambulia papo hapo kwa sababu lilikwisha kuwepo mezani. Mwenzangu zamu yake ya tatu ana 3 kwa 3 tu. Nimemwacha. Jumla ilinidanganya, swali sahihi ni zamu ya ngapi mwili mkubwa unatokea.

Weka 4 badala ya 3. Mapema kabisa linafunuliwa zamu ya nne, wakati mwenzangu naye anaweza kuweka 4 kwa 4 yake. Mimi nimemzidi kwa kuwa langu linashambulia zamu ile ile. Yeye amenizidi kwa kuwa zamu mbili nzima nilikuwa na kitu cha 1 kwa 2 ambacho angeweza kukiua kwa zimwi lolote la kawaida. Hapo pana mchezo. Watunzi wa Magic waliporudisha morph mwaka 2014 kwenye Khans of Tarkir walijiwekea mpaka wa aina hiyo: kabla ya kufikia nguvu 5, kiumbe kilichofunikwa kisifunuliwe kikamla kingine kilichofunikwa na chenyewe kubaki hai. Waliutafuta mpaka huo kwa sababu bila hiyo kila mtu anaogopa kushambulia, mnabaki mnatazamana.

Na bei isiwe ya kudhaniwa. Aprili 2020 Magic ilitoa seti ya Ikoria yenye viumbe kumi vya aina ya companion. Kiumbe hicho kilikaa nje ya fungu, na ungeweza kukicheza kila mchezo bila kusubiri kukivuta, mradi tu fungu lako limetimiza sharti lake. Sharti ndilo lilikuwa bei. Mmoja wao, Lurrus, alitaka kadi zako za kudumu, yaani zile zinazobaki mezani, zisizidi gharama 2. Ikatokea kwamba kwenye mitindo ya kucheza inayoruhusu kadi za zamani, penye kadi za bei ndogo na kali, mafungu mengi yalikuwa yamekwisha kukaribia sharti hilo bila jasho lolote. Lurrus akapigwa marufuku kwenye Vintage, mmoja wa mitindo hiyo, Mei hiyo hiyo, na tarehe 1 Juni sheria ya aina nzima ikabadilishwa: sasa unalipa 3 kwanza kumleta mkononi. Miezi miwili haikutimia. Mkisikia mtunzi anasema "zimwi langu lina nguvu lakini sharti lake ni gumu", muulizeni ni gumu kwa nani.

Tuje kwenye muda, ambapo ukungu wenyewe umetusaidia kuandika. Ukungu hauketi siku nzima. Saa nne asubuhi unainuka, barabara inaonekana, viazi vinaonekana. Zimwi linaloweza kubaki limefunikwa mpaka mwisho wa mchezo linachosha, kwa sababu mwenye nalo hana sababu ya kuamua. Kwa hiyo tunaweka ukomo. Wengi mtaandika "ndani ya zamu tatu", na tayari mmetia ugomvi. Zamu zangu au zetu sote? Zamu niliyoliweka inahesabiwa? Acheni kuhesabu kwa maneno, hesabuni kwa vitu. Zimwi likiingia limefunikwa, weka maharage matatu juu yake. Kila zamu yako inapoanza, nguvu ikishajazwa na kabla hujavuta kadi, ondoa harage moja. Ukiondoa la mwisho, papo hapo lifunue kwa kulipa, au lionyeshe kwa wote kisha lipeleke chini kabisa ya fungu. Lililofunikwa zamu ya pili litaondolewa harage la mwisho zamu ya tano, na utakuwa na nguvu 5 za kulipia 4. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kulifuata hilo, na asiyekuwepo zimwi lilipowekwa anaona kwa macho limebakiza muda gani.

Mmeona pia nimeandika "nguvu ikishajazwa". Bila maneno hayo mawili, kuna mtu atasema harage liliondoka kabla sijajaziwa nguvu, sina cha kulipia, zimwi limekwenda. Na mwingine atasema kinyume. Mchezo mzima unaweza kugeuka hapo.

Kufunua, je, ni zamu yangu tu? Mimi ningeruhusu mara mbili: wakati wowote wa zamu yako, na pale mwenzako anapotangaza shambulio dhidi ya zimwi hilo. Kwa kuwa nguvu usiyoitumia inabaki mpaka zamu yako ijayo, unaweza kumaliza zamu umeacha nguvu 4 bila kuzigusa, na mwenzako anazitazama nguvu hizo, anatazama kadi iliyofunikwa, anatazama harage moja lililobaki. Huenda kweli una zimwi la 4 kwa 4. Huenda huna cha maana, ulikosa tu cha kuchezea. Hapo ndipo utamu wa aina hii ulipo, na umetoka kwenye sheria mbili zilizokuwepo tayari. Hatukuongeza hata moja.

Likiwa limefunikwa halina jina wala aina. Mkubaliane na hilo mapema, kwa sababu matokeo yake ni mengi. Kadi inayosema "angamiza zimwi moja la Ukungu" hailigusi lililofunikwa, kwa kuwa bado si la Ukungu mbele ya meza. Na kadi yako mwenyewe inayoyaongezea mazimwi ya Ukungu nguvu hailiongezei chochote mpaka lifunuliwe. Yanakwenda pamoja, huwezi kuchukua faida ukaacha hasara. Likichukuliwa na mwenzako kwa kadi ya kuteka, yeye anaruhusiwa kulitazama, analipa gharama ile ile kulifunua, na maharage yanabaki yalivyo.

Tufikirie pia asiyetumia Ukungu kabisa. Mwaka 2017 Yu-Gi-Oh! ilileta mazimwi ya Link, yenye mishale na yasiyo na kinga hata kidogo. Pamoja nayo ikaja sheria kwamba mazimwi yanayotoka kwenye fungu la ziada linalokaa kando, yakiwemo ya aina za zamani za Fusion, Synchro na Xyz, yaingie kwenye eneo maalumu au kwenye nafasi inayoelekezwa na mshale wa Link. Mtu aliyekuwa na fungu lake la Synchro tangu zamani, analolipenda, akajikuta hawezi kuweka mawili bila kutafuta kadi za aina mpya. Aprili 2020 walilegeza, Fusion, Synchro na Xyz zikarudishiwa uhuru wake. Naiona kuwa dhuluma kwa mchezaji, na nafurahi waliirekebisha. Ukungu wetu usimlazimishe mtu yeyote kubadilisha fungu lake. Unamdai jambo moja tu, kadi zenye migongo inayofanana, na hilo lilikuwa la haki hata kabla yake.

Lakini apewe dawa. Kila aina inayoficha iwe na kadi za kawaida zinazofichua, na ziwe rahisi. Hapa ndipo namtaka kipunji. Sitaki afanywe zimwi. Ni mnyama aliyebaki katika maeneo machache mno, Rungwe na Livingstone huku kwetu na Ndundulu kule Udzungwa, na sipendi watoto wakue wakimwona kama kitu cha kuuawa. Ana mlio wake wa nguvu anaoutoa juu mitini. Basi awe kadi ya gharama 1: "Akiingia, tazama zimwi moja lililofunikwa la mwenzako." Unalitazama wewe peke yako, halifunuliwi. Sasa wewe unajua, naye anajua kwamba unajua, na mchezo umepata tabaka jingine.

Kiasi gani cha Ukungu kiruhusiwe kwenye fungu moja? Hesabu ipo, wala haihitaji kubahatisha. Fungu la kadi 40, mkono wa kuanzia 5. Ukiweka Ukungu 4, nafasi ya kuwa na angalau mmoja mkononi mwanzoni ni asilimia 43. Ukiweka 8, ni 69. Ukiweka 12, ni 85. Kwenye 12, mwenzako hana haja ya kujiuliza kama utafunika zamu ya pili. Karibu kila mara utafunika. Mimi ningeweka ukomo 8. Lakini nitasikiliza wenye hoja ya 10, kwa sharti walete michezo waliyoicheza, wasilete maneno.

Kuhusu Ziwa Ngosi, maana naona kadi nyingi zina jina hilo: lina masimulizi yake, na wenye kuyasimulia ni wazee wa huko. Kabla hujamwandikia zimwi la Ngosi uwezo wa kubuni, nenda kawasikilize. Utapata mambo bora kuliko ya kubuni, na utakuwa umeyapata kwa adabu.

Jambo la mwisho ni kujaribu. Sheria haijaribiwi na aliyeiandika. Mpe mtu karatasi, kaa mbali kidogo, funga mdomo. Atakapokwama atakutazama. Usimjibu. Hata akiuliza mara ya pili, usimjibu. Andika swali lake neno kwa neno, kwa sababu ndilo swali litakaloulizwa Mafinga usiku ule. Ni vigumu kuliko mnavyofikiri; mdomo unawasha.

Meza sita zimepangwa. Kila moja ina mafungu mawili, karatasi moja ya sheria za Ukungu kama nilivyozieleza, na kikombe cha maharage. Waliochangia kuandika karatasi hiyo wakae upande wa dirishani na madaftari, wasisogelee meza. Wachezaji, mkibishana bishaneni kwa sauti ili waandikao wasikie. Saa nane tunasoma maswali yote hapa mbele, na sentensi yoyote iliyoulizwa kwenye meza mbili au zaidi tunaifuta na kuiandika upya leo leo, kabla mtu hajapanda gari. Kadi za kuteka ziko kwenye bahasha ya kaki. Naomba zisitumike mzunguko wa kwanza.